Dereva wa Sauti Aliyekataa Mikondo Sita



Miongoni mwa barua zilizofika mezani petu mwezi huu imo moja, yenye mwandiko mzuri sana, iliyoandikwa na mama ambaye ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake cha kuweka na kukopa. Anaeleza kwamba nyumbani kwake ipo kompyuta moja tu. Mchana yeye huitumia kuandika hesabu za kikundi. Jioni watoto huitumia kwa masomo, na masomo yakiisha, kwa michezo na filamu. Kijana wake mkubwa amejinunulia amplifaya ya mtumba pamoja na spika tano na boksi la besi, akaviunganisha na kompyuta hiyo, lakini sauti inatoka katika spika mbili za mbele peke yake. Zilizobaki zimetundikwa ukutani kama picha. Wenzake wamemwambia kwamba dawa ni kuibadilisha programu inayoendesha sauti, na kwamba ipo iliyokwisha kubadilishwa na mafundi wa ng'ambo, inatolewa bure. Mama huyo anataka kujua kama amruhusu au amkataze.

Yafaa kumjibu kwa urefu, maana ndani ya swali lake yamo mambo mawili ambayo watu hupenda kuyachanganya: uwezo wa chombo, na ruhusa ya kuutumia uwezo huo.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kila kifaa kilichomo ndani ya kompyuta, kiwe cha picha, cha sauti au cha kuchapa, kina programu yake ndogo inayosimama kati yake na mfumo mkuu, ikipokea amri huku na kuzipeleka kule. Wenye lugha ya Kiingereza wameiita dereva, na neno hilo kwa bahati sisi tunalo tangu enzi za malori ya kwanza, basi na tulitumie bila haya. Gari likiwa na gia tano, na dereva akaagizwa asipite gia ya pili, abiria atashuka akisema gari ni bovu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kompyuta nyingi za mezani. Tangu mwaka 2004, kampuni ya Intel ilipotoa kanuni yake ya sauti iitwayo High Definition Audio, chipu nyingi za sauti zinazopachikwa kwenye ubao mkuu zimekuwa na uwezo wa mikondo sita au minane. Mwenye nyumba anasikia miwili.

Sauti ya kuzunguka, ambayo humfanya msikilizaji asikie mvua mbele yake na mlango ukifungwa nyuma yake, ilianza kuenea kwa njia ya tarakimu katika majumba ya sinema mwaka 1992, ilipoonyeshwa filamu ya Batman Returns kwa mfumo wa Dolby Digital. Mikondo yake ni sita: mbele kushoto, mbele kati, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, na wa sita ni wa besi pekee. Kwa kuwa huo wa sita hubeba sauti nzito tu, zile za mitetemo 120 kwa sekunde kushuka chini, haukuhesabiwa kuwa mkondo kamili, ndiyo sababu katoni za dukani huandikwa 5.1.

Sasa tuje kwenye waya. Kijana wa mama yetu, kwa jinsi barua inavyoeleza, ametumia ule waya mwembamba unaopitisha mwanga mwekundu. Waya huo hufuata kanuni ya S/PDIF iliyotungwa na kampuni za Sony na Philips kwa ajili ya muziki wa mikondo miwili. Hebu tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii ndiyo kiini cha jambo lote. Sauti ya mkondo mmoja hupimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Mikondo miwili, basi, ni biti 1,536,000 kwa sekunde, na huo ndio mzigo ambao mlango wa S/PDIF ulijengwa kuupitisha. Mikondo sita ni biti 4,608,000. Mlango hautoshi.

Ili sita ipite, hapana budi ibanwe na kufungwa furushi moja, kisha amplifaya ilifungue upande wa pili. Dolby Digital hufanya kazi hiyo kwa kutupa yale ambayo sikio la binadamu halitayakosa, mpaka furushi likafika biti 640,000 kwa sekunde au pungufu, yaani karibu sehemu moja ya saba ya mzigo wa awali. Furushi hilo hupita kwenye waya wa mwanga bila taabu yoyote.

Swali linalofuata ni hili: nani analifunga? Filamu iliyomo katika diski ya DVD mara nyingi imekwisha kufungwa furushi na watengenezaji wake, na kompyuta haina kazi ila kulipitisha lilivyo, kama tarishi wa ofisini anayepeleka bahasha asiyoruhusiwa kuifungua. Kwa filamu za namna hiyo hakuna haja ya kumgusa dereva hata kidogo. Programu ya kuchezeshea filamu, mathalani VLC, ina mahali pa kuiagiza ipitishe furushi bila kulifungua, na wengi wanaolalamika wangeponea hapo. Lakini michezo ya kompyuta hutunga sauti yake papo hapo, mchezaji anapogeuka kushoto au kulia. Hakuna mtu aliyeifunga kabla. Aidha, filamu nyingi zinazopatikana kwa njia ya intaneti zimefungwa kwa namna nyingine ambayo amplifaya za zamani hazizifahamu. Katika hali hizo mbili kompyuta yenyewe yapaswa kufunga furushi nyumbani, sekunde kwa sekunde. Ufundi huo huitwa Dolby Digital Live, na mwenzake wa kampuni ya DTS huitwa DTS Connect.

Wala si ufundi mpya. Mwaka 2001 kampuni ya Nvidia ilitoa chipu za nForce zilizokuwa na uwezo wa kufunga furushi la Dolby Digital ndani yake. Kinachozuia ni leseni. Mtengenezaji anayetaka kutoa huduma hiyo hana budi kuwalipa wenye Dolby au DTS, na wengi huamua kulipia bidhaa zao za bei ya juu na kuziacha za bei ya chini. Matokeo yake ni kwamba chipu ileile yaweza kupachikwa katika mbao mbili, moja ikafunga furushi na nyingine isifunge, na tofauti pekee ikawa ni maagizo aliyopewa dereva. Hapo ndipo mafundi wa kujitegemea walipoingia.

Kisa cha mwaka 2008 kinastahili kusimuliwa, kwa kuwa kilileta kelele kubwa. Kampuni ya Creative ya Singapore, iliyoanzishwa mwaka 1981, ilijipatia jina duniani kwa kadi zake za sauti ziitwazo Sound Blaster. Tarehe 30 Januari 2007 Microsoft ilianza kuuza kwa watu wote mfumo wake wa Windows Vista, uliopanga upya safari ya sauti ndani ya kompyuta na kuiziba njia ya mkato ambayo michezo ya zamani iliitumia kuzungumza na kadi moja kwa moja. Watu waliokuwa wamenunua kadi za Audigy na X-Fi kwa fedha nyingi wakajikuta wamepungukiwa na mambo waliyoyazoea, na madereva wapya wa kampuni hawakuwaridhisha. Kijana mmoja wa Brazil, ambaye hakuwa mtumishi wa kampuni hiyo, akawachukua madereva hao, akawarekebisha, akarudisha mengi ya yaliyopotea, akawatoa kwa kila aliyewahitaji. Aliwaomba walioridhika wamchangie walicho nacho.

Mwishoni mwa Machi 2008 kiongozi mmoja wa kampuni akamwandikia hadharani, akimtaka aache. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba kampuni haichukii mtu kusaidia kadi zake zifanye kazi vizuri, bali inachukia ufundi wake na ufundi wa makampuni mengine kufunguliwa katika kadi ambazo hazikukusudiwa kuwa nao, tena mtu akipokea fedha kwa hilo. Na kwamba kadi ipi ipewe nini ni uamuzi wa biashara ulio wa kampuni peke yake. Wateja waliposoma hayo walighadhibika kupita kiasi, wengine wakaapa kutonunua tena kitu chenye jina hilo. Haukupita muda mrefu kampuni ikalegeza msimamo. Baadaye ikaanza kuwauzia wenye kadi za X-Fi nyongeza ya kufunga furushi la Dolby Digital, kwa dola chache tu.

Mimi naona kampuni ilikuwa na haki katika jambo la leseni, lakini haikuwa na haki katika sehemu iliyobaki. Uwezo ulioandikwa juu ya katoni, mtu akautoa fedha zake kwa ajili yake, ni mali ya mnunuzi, na anayemrekebisha dereva ili uwezo huo urudi hajamwibia mtu. Ada ya Dolby ambayo haikulipwa na yeyote ni habari nyingine. Hata hivyo nayo imebadilika: hataza za mwisho za Marekani juu ya ubanaji huo wa Dolby Digital zilimalizika Machi 2017, kwa hiyo mtu yeyote sasa yu huru kuandika programu yake mwenyewe ya kufunga furushi la namna hiyo. Asichoruhusiwa ni kuchukua programu iliyoandikwa na mwingine na kuvunja kufuli yake. Vijana wengi hawaioni tofauti hiyo, na si ajabu, maana matokeo masikioni ni yaleyale.

Je, dereva hubadilishwaje? Dereva si faili moja. Kwanza lipo faili la maandishi matupu, ambalo hata mwanafunzi aweza kulifungua na kulisoma, lenye orodha ya vifaa ambavyo dereva huyu anakubali kuviendesha na vipengele vya kuonyeshwa kwa kila kimoja. Kuongeza namba ya kifaa kwenye orodha hiyo, au kubadili tarakimu moja ili kipengele kilichofichwa kitokee, ndiyo marekebisho mepesi. Kisha yapo mafaili ya lugha ya mashine, ambamo fundi hutafuta mahali dereva anapojiuliza kama kadi hii ina leseni, akageuza jibu la hapana likawa ndiyo. Watumiaji wa chipu za Realtek, ambazo ndizo zilizojaa katika kompyuta za kawaida, wamefanyiwa sana marekebisho ya namna hii ya pili.

Hapa ndipo hofu yangu ilipo, na namwomba mama yetu asome kwa makini. Tangu Vista ya biti 64, Windows haimkubali dereva anayeingia katika kiini cha mfumo mpaka awe na sahihi ya siri inayothibitisha ametoka kwa nani. Kuanzia toleo namba 1607 la Windows 10, lililotoka mwaka 2016, madereva wapya wa namna hiyo hutakiwa wawe na sahihi ya Microsoft yenyewe. Sahihi hii haifanani na muhuri wa ofisi unaobaki palepale hata barua ikifutwafutwa. Ukibadili herufi moja tu ya faili, sahihi inavunjika, na mfumo unamkataa dereva.

Ili akubaliwe, watoa maelekezo humtaka mtu auweke mfumo katika hali ya majaribio, ambayo huonekana kwa maneno Test Mode kwenye pembe ya chini ya kioo, na kabla ya hapo azime ulinzi wa Secure Boot unaokagua mashine inapowashwa. Tafakari maana yake. Mlinzi wa lango ameondolewa ili mgeni mmoja apite, na lango halifungwi nyuma ya mgeni huyo. Dereva yeyote mwingine, hata aliyeandikwa na mwizi, sasa anaweza kuingia ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo aweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye kibodi. Kwa mashine ya kuchezea hilo ni jambo la kuvumilika. Kwa mashine yenye hesabu za akiba ya wanawake wengi si la kuvumilika, na jibu langu juu ya kompyuta hiyo, kama ilivyo sasa, ni kwamba amkataze.

Ipo hatari nyingine ya papo hapo. Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kama zilivyo kompyuta nyingi za siku hizi bila wenyewe kujua, kuzima Secure Boot kwaweza kuifanya mashine isusie kuwaka na kudai ufunguo wa tarakimu 48. Asiye na ufunguo huo mahali fulani aweza kupoteza yote yaliyomo. Mweka hazina atawaeleza nini wenzake?

Lakini kukataza tu bila kumwonyesha kijana njia si malezi. Yako mambo ambayo aweza kuyafanya leo bila kumgusa dereva. Atazame kwanza nyuma ya amplifaya. Kama haina tundu lolote la kuingizia sauti ila mawili, jekundu na jeupe, basi mikondo miwili ndiyo yote itakayoingia, na hakuna dereva duniani atakayeongeza wa tatu. Zipo seti zilizoandikwa 5.1 kwa herufi kubwa ambazo ndani yake hugawanya tu mikondo miwili kwa spika sita.

Kama amplifaya ina tundu la HDMI, shida imekwisha. Kanuni ya kwanza ya HDMI, iliyotolewa Desemba 2002, ilikwisha ruhusu mikondo minane isiyobanwa, kwa hiyo hakuna cha furushi wala leseni. Achunguze tu kwamba amplifaya yenyewe inaipokea sauti kwa HDMI, maana baadhi ya zile za miaka ya mwanzo zilipitisha picha tu.

Kama haina HDMI lakini ina matundu sita ya sauti ya kawaida, atumie matundu ya nyuma ya kompyuta: la kijani ni la spika za mbele, jeusi la nyuma, la rangi ya chungwa la kati na besi. Mashine yenye matundu matatu tu hulitumia la buluu na la waridi kwa kazi hizo za nyongeza, mradi katika dirisha la mipangilio ya sauti uchague 5.1, kisha ubonyeze kitufe cha kujaribia spika moja baada ya nyingine. Hilo la kuchagua husahauliwa mno. Windows hukisia mikondo miwili, na watu huamini makisio yake.

Iwapo amplifaya haina ila waya wa mwanga, na kijana angali anautaka mchezo wake usikike nyuma yake, namshauri aufahamu mfumo wa Linux. Sehemu yake ya sauti, iitwayo ALSA, ina nyongeza yenye jina la a52 ambayo hufunga furushi la Dolby Digital papo hapo kwa programu huria, bila kumvunja dereva na bila kuchukua ya mtu. Ipo pia programu ndogo iitwayo hdajackretask inayomwezesha mtu kulipa kila tundu la sauti kazi nyingine. Usanidi wake wahitaji subira na kusoma, na michezo si yote hukubali kucheza humo. Furushi nalo hukawia kidogo kabla ya kusikika, jambo ambalo mchezaji hodari hulihisi. Anunue diski ndogo ya pekee kwa kazi hiyo, na wakati wa kuisanidi diski ya mama ichomolewe kabisa, iwekwe kabatini.

Tahadhari moja ya haraka kwa wapenda muziki: rumba iliyorekodiwa zamani kwa mkondo mmoja au miwili haigeuki kuwa ya mikondo sita kwa sababu ya dereva. Itasambazwa tu chumbani, na mara nyingi mwimbaji huishia kusikika kana kwamba yumo ndani ya pipa.

Wapo watakaosoma yote haya na bado wamchukue dereva aliyebadilishwa. Hao wafanye katika mashine isiyo na hesabu za mtu, isiyoingizwa namba ya siri ya benki wala ya fedha za simu, baada ya kunakili yaliyomo na kuuandika ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi. Na kama mama yetu atagundua kwamba kijana amekwisha kufanya hivyo kabla gazeti hili halijamfikia, njia ya kurudi ipo. Afungue orodha ya vifaa, amwondoe dereva wa sauti, na atie alama mahali panapouliza kama mafaili yake yafutwe pia. Aisimamishe hali ya majaribio, aiwashe mashine upya, arudishe Secure Boot, kisha aweke dereva aliyetolewa na mtengenezaji wa ubao wenyewe. Yale maneno ya Test Mode yakiwa yametoweka katika pembe ya kioo, anaweza kulifungua tena daftari la kikundi. Abadilishe pia namba zake za siri, na afanye hivyo kwa kutumia kompyuta nyingine.